Pete ya muoni ya Fermilab: kipimo nyota tano, jibu bado

Kwa usahihi, pete hii ya sumaku iliyoko Fermilab, maabara ya fizikia karibu na Chicago, inastahili nyota tano bila kusita. Matokeo yake ya mwisho, ya Juni 2025, yanaweka usumaku wa ziada wa muoni (chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi) kwenye 0.001165920705, kosa, yaani kiwango cha shaka, likiwa sehemu 127 kwa bilioni. Lengo lilikuwa 140. Maabara ya Brookhaven, New York, ilikotumika sumaku hiyohiyo kabla ya kusafirishwa mwaka 2013, iliishia 540.

Hadi upimaji ulipoisha mwaka 2023, muoni chanya ziliingizwa kwenye pete ya kipenyo cha mita 14, ndani ya uga wa sumaku wa tesla 1.45. Kwa kuwa zilikimbia karibu sawa na mwanga, uhai wake wa mikrosekunde 2.2 ulirefuka hadi 64, zikapata kuzunguka mara mia nne na ushei. Mhimili wa usumaku wake hugeuka haraka kidogo kuliko mwelekeo wa mwendo, na tofauti hiyo ndiyo iliyotafutwa. Kalorimita 24, vifaa vya kupima nishati ya chembe, ziliisoma kwa kuhesabu positroni (elektroni zenye chaji chanya) zilizotoka muoni zilipovunjika.

Uga ndio uliokuwa roho ya kazi nzima. Kila baada ya siku tatu hivi, toroli lenye vihisi 17 lilizungushwa palepale zilipopita muoni. Katikati ya safari hizo, vihisi 378 vya kudumu vilishika zamu. Ukumbi ukipata joto, chuma hutanuka na uga hubadilika, ndiyo maana sumaku ilifunikwa kuzuia joto baada ya awamu ya 2018. Awamu hiyo ilikuwa na dosari kubwa zaidi: rezista 2 kati ya 32 za bamba za umeme, zile zinazozuia muoni zisitawanyike juu na chini, ziliharibika. Volteji ikachelewa kutulia, na mkondo wa muoni ukawa unasogea huku upimaji unaendelea. Kusogea huko huweza kujifanya badiliko la ile kasi ya kugeuka inayopimwa. Rezista zilibadilishwa, na data zilizofuata ni safi zaidi.

Kama mtihani wa fizikia mpya, yaani chembe zisizojulikana bado, nyota mbili kwa sasa, na lawama si ya pete. Ile tofauti kati ya kipimo na nadharia iliyotangazwa 2021, ya sigma 4.2 (yaani mara 4.2 ya kosa lake), ilitegemea makadirio ya nadharia ya 2020, yaliyojengwa juu ya data za migongano ya elektroni na positroni. Data za jaribio la CMD-3 kutoka Novosibirsk, Urusi, zikapingana na za awali, na makadirio ya 2025 yakahamia kwenye hesabu za kompyuta kubwa: 0.00116592033. Tofauti imeyeyuka, ila kosa la nadharia sasa ni karibu mara nne ya la kipimo. Anayetaka kudai chembe mpya asubiri kosa hilo lipungue, na asubiri pia jaribio la maabara ya J-PARC, Japani: pete ya kipenyo cha sentimita 66, tesla 3, bila bamba za umeme kabisa, kwa hiyo dosari zake hazitafanana na hizi.