Monita nzuri, muuzaji hana adabu

Jamani monita ya kompyuta niliyoinunua Darajani ni nzuri, naitanguliza hiyo kwa sababu nikishaanza kumsema yule kijana aliyeniuzia ntasahau kuisifu.

Mie niko Chake, Pemba, kazi yangu kadi za harusi na kusafisha picha za maharusi, kwa hiyo rangi ndo riziki yangu. Nilivuka Unguja kwa shughuli zangu nyengine nikaona bora nimalize na hili. Nilishajua ninachokitaka, paneli ya IPS, ile isiyogeuza rangi ukiitizama upande, maana ile yangu ya zamani ukiinama kidogo uso wa biharusi unageuka rangi, ukikaa sawa unageuka tena, hujui upi ndo wa kweli. Kijana akanivutia ya inchi 27, eti bei zinakaribiana, nikamkatalia, kwa sababu ile na ya inchi 24 zote ni 1920 kwa 1080, nukta zinazochora picha ni zilezile milioni mbili na kitu, ila kwenye kubwa zimetandazwa zaidi na maandishi madogo ya kadi yanaonekana yana meno. Hapo tayari akanuna.

Nkamwambia sawa kaka, nipe hii ya 24, lakini iwashe, niwekee skrini nyeusi tupu halafu nyeupe tupu nitizame. Basi, hakuna chengine. Akaiwasha kweli, akaweka picha ya maua yanang'aa hayo, nkamwambia hiyo haioneshi kitu, weka nyeusi. Akanitizama, akamgeukia mwenzake akasema "hawa Wapemba bwana, wananunua kwa darubini." Wakacheka, na duka limejaa wateja. Kisha akachomoa waya akaanza kufunga boksi, "bibie kitu kipya hichi, boksi limefunguliwa mbele yako, unataka au hutaki, watu wanasubiri." Na boti nayo haisubiri mtu, nikalipa nikaenda zangu bandarini Malindi na boksi langu.

Kuifunga mezani haikunisumbua. Ndani ya boksi mlikuwa na waya wa VGA, sikuugusa, ule unapitisha picha kwa njia ya kizamani na herufi zinatoka na ukungu, nikatumia waya wangu wa HDMI. Meza nikaigeuza isikabiliane na dirisha. Mwangaza uliowekwa kiwandani ni mkali hata macho yanawasha, nikashika karatasi nyeupe pembeni ya skrini nikawa naushusha kidogo kidogo mpaka weupe wa skrini ukalingana na wa karatasi, na tangu hapo kichwa hakinigongi tena jioni. Rangi nzuri mashallah! Hina ikatoka hina, si ile rangi ya matofali niliyoizoea. Nilifurahi mno siku ile, ungeniuliza mchana ningekwambia nyota tano na duka ningekuelekeza.

Usiku nikafungua picha za harusi moja ya usiku, biharusi amekaa, nyuma yake giza tupu, naona kidoa cha kijani kinawaka juu ya bega lake. Nikadhani vumbi, nikafuta. Hakitoki. Nikaisogeza picha, bega limekwenda kidoa kimebaki palepale. Nikaweka skrini nyeusi yote, ile ile niliyomuomba yule kijana aniwekee, na hicho hapo, juu kidogo ya katikati ya skrini, kinanitumbulia.

Kila nukta ya skrini ina visehemu vitatu, chekundu, kijani na buluu, sasa hapo kile cha kijani kimekwama wazi na mwanga wa nyuma unapita muda wote. Kwenye picha ya mchana hukioni. Kwenye nyeusi hukikosi. Kuna video zinazobadilisha rangi haraka haraka, zinasaidia mara nyengine kukwamua nukta, nikaiwacha inacheza usiku kucha, asubuhi kiko vilevile. Kubonyeza kwa kidole na kitambaa kama wanavyofanya wengine sitaki, ukizidisha nguvu unaua na nukta za jirani.

Nikapiga simu dukani, kwa adabu kabisa, nikatoa salamu zote. Kijana yuleyule. Nikamueleza, nikamtumia na picha. Anijibu nini? "Sasa bibie, kwani hiyo nukta inakula umeme?" Wallahi ndivyo alivyosema. Nkamwambia nabadilishiwa vipi, akasema mali ikishauzwa hairudi, tena hii ishavuka bahari, akakata simu.

Mie najua kwamba kampuni nyingi zinazotengeneza hizi monita hazikubadilishii kwa nukta moja, wameandika wenyewe kwenye masharti yao, mpaka zifike idadi fulani. Hilo sina ugomvi nalo, na labda hata muuzaji muungwana angenambia hivyohivyo. Lakini nilimuomba skrini nyeusi kabla sijatoa pesa! Angeiweka ningekiona pale pale, angenitolea boksi jengine, yeye angeuza na mie ningeondoka namuombea dua. Alichoninyima ni kutizama mali yangu kabla ya kulipa, na akaifanya haki yangu kichekesho cha kabila.

Kwa hiyo monita nyota nne. Tatu, kwa sababu kila nikifungua picha ya usiku namuona yule kijana. Lakini kusema kweli kazi inatoka safi, kadi zote za karibuni zimetengenezwa humo na wateja wanasifu rangi, haya nne tena. Duka sifuri. Mkenda kununua, kwa duka lolote, chukueni flashi muweke picha tano tupu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, na asiyekubali kuzifungua ondokeni hata kama boti inapiga honi. Na yule kijana anisubiri, safari nyengine nikivuka narudi nayo na boksi lake, naiwasha mwenyewe juu ya kaunta, nyeusi tupu, wateja wake wote waone.