Tovuti ya kutafuta waliokufa vitani: nyota nne, na mbili

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilianzishwa 1917, na huduma yake ya kutafuta majina mtandaoni ni bure. Unaandika jina la ukoo, unachagua vita, mara unaletewa kikosi, tarehe ya kifo na mahali alipozikwa. Nyepesi kweli. Ila ukimtafuta mpagazi wa vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki, usitarajie mengi: wengi mno hawakuwekewa majina popote, wakaachiwa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. (Eti kanuni ya Tume ilikuwa wote sawa, jenerali na kuruta!) Mwaka 2021 Tume yenyewe iliomba radhi. Tovuti naipa nyota nne. Orodha yenyewe ya majina naipa mbili, na hapo nimekuwa mpole.