Wapimaji ardhi niliowatumia Kibaha: nyota 4 kati ya 5
Ekari 3 za marehemu baba, warithi watano, tulitaka kukata viwanja, na kaka yangu alishapatana na mwenye greda achonge barabara. Nikamwomba asubiri. Mpimaji na mtu wa mipango miji walikuja Jumamosi, wakazunguka shamba lote na GPS, wakauliza maji ya mvua hupita wapi. Ndipo tukajua kule korongoni hapafai kiwanja. Kaka alikuwa ameshahesabu viwanja 30 vya mita 20 kwa 20. Rasimu ya mchoro ilipotoka, barabara na eneo la wazi vimeshatengwa, vikabaki 19. Alinuna wiki nzima! Greda lingetangulia, tungechonga barabara mara mbili. Nyota moja nimewanyima: simu hawapokei, na gharama ya bikoni (alama za mipaka ya viwanja) waliitaja mwishoni kabisa.