Pateni za nguo za majira ya joto katika jarida la Burda: uzoefu wangu wa kushona nyumbani

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikishona nguo zangu na za jamaa zangu hapa Dar es Salaam kwa kutumia pateni, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia kitambaa, zinazotolewa ndani ya jarida la Burda la Ujerumani, hasa zile za nguo nyepesi zinazochapishwa katika matoleo ya Mei, Juni na Julai, Ulaya inapojiandaa kwa majira ya joto. Dada yangu anayeishi huko hunitumia matoleo hayo kila anapopata mtu anayekuja nyumbani. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye cherehani nyumbani ambao wamewahi kulishika jarida hilo, wakavutiwa na picha zake, wakazikunjua karatasi za pateni, kisha wakazikunja na kulirudisha kabatini. Kwa maoni yangu pateni hizo zinastahili kununuliwa, na zile rahisi ndizo zenye manufaa kuliko zote, ilimradi mshonaji azichague kwa kuutazama mchoro wa mkato, yaani ule mchoro mdogo wa mistari unaoonyesha mishono ya nguo, na si kwa kuitazama picha ya mrembo aliyevaa nguo yenyewe.

Jarida hili lilianzishwa na Aenne Burda katika mji wa Offenburg, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1950. Tangu mwaka 1952 karatasi za pateni zimekuwa zikiwekwa ndani ya jarida lenyewe, jambo lililomwezesha mwanamke wa kawaida kushona nyumbani vazi ambalo asingelimudu dukani. Mpango huo haujabadilika katika msingi wake. Katika toleo moja unapata mitindo mingi, na kila mtindo umechorwa kwa saizi kadhaa, tofauti na pateni ya bahasha, inayouzwa peke yake, ambayo kwa kawaida hukupa vazi moja na namna zake mbili tatu. Ili mitindo yote hiyo itoshee, vipande vyake huchapishwa juu kwa juu, kwa rangi mbalimbali, pande zote mbili za karatasi. Ndiyo maana anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ametandaziwa ramani ya barabara za jiji asilolijua.

Kwa kweli karatasi hiyo haina ugumu mkubwa ukishajua pa kuanzia. Maelezo ya kila mtindo hukutajia karatasi ipi uitumie, rangi gani uifuate na vipande vya mtindo wako vina namba zipi. Unaitafuta namba kwenye ukingo wa karatasi, ikiwa imeandikwa kwa rangi ileile, kisha unashuka nayo kwa mstari ulionyooka mpaka uikute namba hiyo ndani ya kipande chenyewe. Baada ya hapo unafuata mstari wa saizi yako peke yake, kwa kuwa kila saizi imechorwa kwa nukta au vistari vya namna yake. Mimi hutandika juu yake nailoni nyembamba inayoonyesha chini, nikanakili kwa kalamu ya wino usiofutika, na sikati kamwe karatasi ya jarida, kwa sababu ukikata kipande kimoja umeharibu vingine vyote vilivyopita mahali hapo. Vipande vya mraba au mstatili, kama vile mkanda wa kiuno, mara nyingi havichorwi kabisa bali hutajwa vipimo vyake tu, nawe unavichora moja kwa moja kwenye kitambaa kwa chaki.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba pateni hizi hazina akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachobaki nje ya mstari wa kushonea. Mstari unaounakili ndio mstari wa kushonea, si wa kukatia, hivyo kabla ya kukata ni lazima uongeze sentimita 1.5 pembeni na kwa kawaida sentimita 4 kwenye pindo la chini. Wapo wanaouhesabu mpango huo kuwa usumbufu. Mimi naupenda, kwa kuwa unaniachia uhuru wa kuongeza akiba kubwa zaidi ubavuni kwa mtu ninayejua mwili wake hubadilika, na unaniwezesha kuoanisha mshono wa kipande kimoja na kingine kabla kitambaa hakijaguswa na mkasi.

Kuhusu saizi, ninalo la kusema kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo nguo nyingi huharibikia. Saizi za jarida ni za Kijerumani: saizi 38 ni ya kifua cha sentimita 88, 40 ni ya sentimita 92, 42 ni ya 96, na saizi hizo za kawaida huchorwa kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 168. Usiende kwa namba iliyoandikwa kwenye gauni ulilonunua dukani. Chukua utepe wa kupimia, upime kifua kwa ajili ya blauzi na gauni, na nyonga kwa ajili ya sketi na suruali. Wengi wetu tuna nyonga pana kuliko jedwali linavyotarajia kwa kifua tulicho nacho, na hapo ndipo ninapoona ubora wa pateni iliyochorewa saizi nyingi pamoja: unaanza na mstari wa 40 kwapani, unaushusha taratibu kuelekea nyonga, na ukifika hapo tayari uko kwenye mstari wa 44, bila kuhitaji hesabu yoyote. Kwa aliye mfupi kuliko sentimita 168, punguza urefu katikati ya kipande, juu ya kiuno na chini yake, wala usikate pindoni tu, kwa sababu ukikata pindoni peke yake kiuno cha gauni kitabaki kimeshuka.

Sasa nije kwenye neno "rahisi" nililolitumia mwanzoni. Sisi wa pwani tunalo dera, na hakuna vazi la joto lililo jepesi kulishona kuliko hilo, kwa hiyo ni haki mtu kuuliza anunue pateni ya nini. Jibu langu lipo begani na kwapani. Dera linaning'inia popote na linasamehe mkato wowote, ilhali gauni la mikono mifupi lisilo na zipu, lenye vipande vitatu au vinne tu, linategemea mshazari wa bega na mviringo wa kwapa uliopimwa vizuri, na vitu hivyo viwili ndivyo ambavyo mshonaji wa nyumbani hupata taabu kuvichora mwenyewe. Nilimshonea shangazi yangu wa Tanga gauni la namna hiyo kwa pamba nyepesi, naye alipolivaa alinyanyua mikono juu mara moja, akasema, "Mwanangu, hili halinivuti kwapani hata kidogo." Tangu hapo pateni ile nimeitumia tena na tena, mara kwa mikono mirefu zaidi, mara kwa shingo iliyopandishwa, mara kwa kuikata kiunoni na kuitia marinda.

Maelezo ya kushona, hata hivyo, ni mafupi mno kwa anayeanza. Hayana picha za hatua kwa hatua kwa mitindo mingi, na yanachukulia kwamba unajua tayari kumalizia shingo kwa utepe uliokatwa hanamu au kutia mpira kwenye mfereji wa kiuno. Katika matoleo mengi huwekwa mtindo mmoja uliofafanuliwa kwa michoro, na huo ndio ningependa kila mgeni aanze nao, hata kama haukumvutia kwa sura. Mwenye kuhitaji kufundishwa kila hatua atafaidika zaidi na pateni ya bahasha.

Vipimo vya kitambaa navyo vinataka uangalifu. Jarida mara nyingi hukisia kitambaa chenye upana wa sentimita 140 au zaidi, na kitenge chetu kina upana wa takriban sentimita 115. Chukua sketi nyepesi ya mpira kiunoni yenye urefu wa sentimita 70, ambayo kila upande wake pindoni una sentimita 62. Kwenye kitambaa cha 140 mbele na nyuma hulala ubavu kwa ubavu, na sentimita 85 za kitambaa zinatosha. Kwenye kitenge haziwezi kulala hivyo, kwani ukijumlisha akiba ya mshono unafika 130, kwa hiyo unapanga kipande kimoja chini ya kingine na unahitaji mita 1.6. Kama kitenge kina ndege au maua yaliyosimama, huwezi kugeuza kipande kimoja juu chini ili kubana nafasi, la sivyo ndege wa nyuma watakuwa wameanguka vichwa. Kanga inahitaji fikra zaidi kwa sababu ya pindo lake na jina lake. Kabla ya kuweka pateni mimi huamua kwanza pindo litaangukia wapi, na kwa kawaida nalipeleka chini ya gauni, kisha nachagua mtindo usio na mshono wa katikati, ili jina lisikatike maneno yake.

Na hapa ndipo mchoro wa mkato unapokuwa na thamani kuliko picha. Picha inapendeza, lakini kitambaa chenye maua mengi huficha mishono, na mrembo akiegemea ukuta huwezi kujua gauni lina mkunjo kifuani au halina. Mchoro mdogo wa mistari mitupu, uliopo kwenye kurasa za maelezo, haufichi kitu: unahesabu mishono, unaona zipu ilipo, unaona kama bega limeshuka. Soma pia aina ya kitambaa kilichopendekezwa, kwa kuwa mtindo uliochorwa kwa kitambaa kinachovutika hautakaa sawa kwenye kitenge. Kwa sababu hiyo jarida la Ottobre la Finland, ambalo nalipenda sana kwa nguo za watoto, situmii pateni zake nyingi, maana zimeegemea vitambaa vya fulana.

Kwa anayetaka kujaribu bila gharama kubwa, matoleo ya zamani yaliyokwisha kutumiwa yanafaa kabisa, kwani sketi ya mpira na blauzi ya vipande viwili havichakai kwa mitindo. Ila kabla ya kutoa fedha fungua katikati ya jarida uhakikishe karatasi za pateni zimo zote, na zikunjue uone kama aliyekutangulia hakupita nazo kwa mkasi.