Uhakiki: Army of None cha Paul Scharre na vitabu viwili vya kusoma pamoja nacho

Vitabu vya Kiingereza kuhusu vita vya kisasa vimeongezeka sana tangu Urusi iivamie Ukraine mwezi Februari 2022, na vingi kati yake vinaeleza silaha kwa undani mkubwa huku vikimsahau mtu anayeitumia na yule anayepigwa nayo. Ndiyo maana nimechagua kukihakiki kwa kirefu kitabu kilichotangulia wimbi hilo, Army of None cha Paul Scharre kilichotoka mwaka 2018, ambacho kwa maoni yangu bado kinavishinda vingi vilivyokuja baada yake, kisha nigusie vingine viwili vya mwaka 2022. Nawaandikia walimu wa historia na uraia, wanafunzi wa vyuo na askari wastaafu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Katika maduka ninayoyafahamu huku kwetu rafu zimejaa vitabu vya kiada na vya dini, hivyo anayetaka kitabu cha aina hii huagiza Dar es Salaam au hununua nakala laini ya kusomea kwenye simu, na si wengi wenye uwezo wa kununua vitatu kwa mpigo.

Scharre alikuwa askari wa kikosi cha Rangers cha Jeshi la Marekani, akapigana Iraki na Afghanistan, kisha akahamia Wizara ya Ulinzi ya nchi yake, ambako aliongoza kikundi kilichoandaa mwongozo wa mwaka 2012 kuhusu silaha zinazojiamulia. Swali lake ni moja tu: je, mashine iachiwe kuamua nani auawe? Hakimbilii kulijibu. Anaanza kwa kutenganisha silaha inayosubiri ruhusa ya mtu kabla ya kila shambulio, silaha inayoshambulia yenyewe huku mtu akiitazama na kuweza kuizuia, na silaha inayotafuta shabaha na kuipiga bila mtu yeyote kuhusika baada ya kurushwa. Utengano huo unamsaidia msomaji kuona kwamba mambo yanayozungumzwa kama ya kesho yamekwisha kuwapo kwa miaka mingi, kwa kuwa Waisraeli walikwisha kuunda Harpy, ndege ndogo inayozunguka angani ikisaka mitambo ya rada na kuiangukia yenyewe.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni kisa chake mwenyewe cha mwaka 2004, milimani karibu na mpaka wa Afghanistan na Pakistan. Yeye na wadunguaji wenzake wamejificha juu ya kilima, na anatokea msichana wa miaka mitano au sita akiswaga mbuzi wachache, anawazunguka taratibu huku akiwatupia macho, kisha anaondoka. Baadaye wanatambua kwamba alikuwa na redio na alikuwa akiwapeleleza kwa niaba ya wapiganaji, ambao kweli walifika na mapigano yakaanza. Scharre anaeleza kwamba kwa mujibu wa sheria za vita mtoto yule, kwa kazi aliyokuwa akiifanya, angeweza kuhesabiwa kuwa shabaha halali, lakini hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kumpiga risasi. Mashine iliyofundishwa kutii sheria hizo peke yake ingempiga. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini, aliyezoea kumpita mtoto wa umri huo akichunga mbuzi kando ya barabara ya Makete au Isimani, hahitaji ufafanuzi wa ziada, na nadhani hakuna hoja ya kifalsafa humo kitabuni iliyo na uzito wa kurasa hizo chache.

Sambamba na kisa hicho kuna cha Stanislav Petrov, ofisa wa Kisovieti aliyekuwa zamu usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, pale mtambo wa tahadhari ulipotangaza kwamba Marekani imerusha makombora matano ya nyuklia. Petrov aliona haiingii akilini kwamba mtu aanzishe vita kuu kwa makombora matano, akawaarifu wakubwa wake kuwa mtambo una hitilafu. Kumbe satelaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu.

Scharre hasemi kwamba binadamu hakosei. Anaeleza jinsi mitambo ya Marekani ya Patriot ya kutungulia makombora ilivyoua marafiki mwaka 2003 kule Iraki: mwezi Machi iliitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado na kuwaua warusha ndege wake wawili, na mwezi Aprili ikaitungua ndege ya Jeshi la Majini la Marekani na kumuua rubani wake. Askari walikuwapo mbele ya skrini, lakini walikuwa na sekunde chache tu, nao walikuwa wamezoea kuuamini mtambo. Hapo ndipo anapobomoa imani ya wanaodhani kwamba kumweka mtu pembeni ya mashine kunatosha kuifanya iwe salama. Mtu huyo anahitaji muda, taarifa sahihi, na mafunzo yanayompa ujasiri wa kubishana na skrini.

Kasoro zake zipo. Katikati ya kitabu mahojiano na maofisa na watafiti wa Kimarekani yanarundikana, na hoja ileile inarudi kwa sauti nyingine mara tatu au nne, kiasi kwamba mhariri mkali angeweza kupunguza kurasa nyingi bila hasara. Kwa kuwa kilitoka mwaka 2018, hakina vita vya Nagorno-Karabakh vya 2020 kati ya Azerbaijan na Armenia, wala Ukraine, wala ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 iliyoitaja droni ya Kituruki aina ya Kargu-2 katika mapigano ya Libya.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba Afrika haimo, ila kwa kupita. Mwaka 2013, kwa Azimio namba 2098, Baraza la Usalama liliunda kikosi maalumu cha mashambulizi ndani ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini Kongo, kikiwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani. Vijana wa JWTZ, na bila shaka wamo waliotoka Tukuyu, Mbozi na Mufindi, walikuwa miongoni mwa walinda amani wa mwanzo kufanya kazi chini ya macho hayo ya angani. Kitabu kinachouliza uamuzi wa kuua ubaki mikononi mwa nani kingepaswa kulitengea jeshi la namna hiyo sura nzima, kwa sababu nchi nyingi duniani zitakutana na silaha hizi kama wanunuzi au kama wanaolengwa, si kama waundaji.

Sisi tunalijua suala hilo kwa historia. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe waliushambulia msafara wa Emil von Zelewski kwa ghafla na kwa karibu mno, kiasi kwamba silaha kubwa za Wajerumani hazikuwafaa kitu, na Zelewski mwenyewe akauawa. Miaka mitatu baadaye, mwezi Oktoba 1894, Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele waliipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga kutoka mbali, na kuta alizojenga Mkwawa zikashindwa kuwazuia. Umbali ndio uliokuwa umebadilika. Nilipokuwa nikisoma sura za Scharre kuhusu droni, ambamo anayefyatua yuko mbali kabisa na anayekufa, Kalenga haikunitoka akilini.

Kitabu cha pili ni Chip War cha Chris Miller. Kinaeleza jinsi chipu, yaani vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta na simu, zilivyogeuka kuwa mhimili wa nguvu za kijeshi, na mfano wake bora ni daraja la Thanh Hoa nchini Vietnam, ambalo ndege za Marekani zililishambulia bila kuliangusha tangu 1965 hadi mabomu yaliyoongozwa kwa leza yalipoliangusha mwaka 1972. Kinasomeka kwa urahisi kuliko cha Scharre, na kinamfanya mtu aelewe kwa nini kisiwa cha Taiwan kinagombewa kwa kiasi hiki. Cha tatu, Command cha Lawrence Freedman, kinahusu mivutano ya wanasiasa na makamanda tangu Korea hadi Ukraine. Ni kizito, na asiyejua historia ya vita vya karne ya ishirini atachoka mapema.

Mwenye fedha za kitabu kimoja anunue Army of None. Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi wa kidato cha sita atakimudu akiwa na kamusi karibu. Mwalimu anayetaka kukitumia darasani aanze na utangulizi, wenye kisa cha Petrov na cha yule msichana, kisha aruke hadi sura ya Patriot, na azipitie haraka sura za mahojiano.