Steshenari ya Sinza: kopi za kawaida, ila kile kikona cha picha za pasipoti!

Kama unataka kutoa kopi tu, hii steshenari ya Sinza karibu na Kumekucha haina maajabu, bei ndo zile zile na printa ya rangi kila ukienda wino umeisha. Mi naisifia kwa kitu kingine kabisa.

Nina mshkaji mtangazaji wa Burundi, mtoto wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili anacho toka kwao, alikimbia 2015 baada ya lile jaribio la mapinduzi la Mei, redio binafsi zikashambuliwa na kuzimwa, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, zote. Wenzake wengi walienda Kigali wakawa wanarushia vipindi mtandaoni, 2021 Rwanda nayo ikawaambia zimeni. Yeye yuko Dar anauza ripoti za sauti huku na kule, na chumba alichopanga ukuta mmoja na jamaa mwenye sabufa, hebu rekodi hapo uone.

Sasa pale dukani kuna kikona cha kupigia picha, pazia zito la bluu, chini zulia. Dada wa kaunta anazima feni, mshkaji anaingia na simu na kimaiki cha kubana kwenye shati, akitoka sauti imenyooka utadhani studio. Buku mbili tu. Wakija wa kupiga picha anapisha, halafu anarudi.

Na dada hana maswali aisee. Huku sheria inataka mkimbizi akae kambini, kama Nyarugusu huko, hata mwenye vibali vyake kamili akiulizwa "we kwenu wapi" lazima moyo uruke. Tena huyu katokea fani moja na Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu la Burundi, aliyepotea Julai 2016 na mpaka leo hajaonekana.

Lawama yangu ni kompyuta. Hazifutwi! Nimekuta CV za watu, vyeti, hadi barua ya talaka ya mtu imekaa tu hapo kwenye skrini. Mshkaji sauti zake anatuma kwa simu, akilazimika kuprinti anakuja na flashi na habanduki mpaka faili lifutwe mbele yake. Mwenye duka, kila jioni futeni bwana, si kila mteja kaleta asainimenti.

Waifai yao usihangaike nayo, nunua bando. Nenda asubuhi, mchana wanachuo wakishajaa hapaingiliki.