Mtutu Mpya kwa Mauser ya Marehemu Baba: Kaliba Gani Uweke, na Ganda Litatokaje Saa Nane Mchana

Mbukwenyi, wasomaji wa Dodoma na jirani. Tangu msimu ufunguliwe Julai, wawindaji wenye leseni wananiletea swali lile lile juu ya Mauser, bunduki ya bolti ya Kijerumani, na kaliba yake, yaani upana wa risasi; kinachobadilika ni jina la aliyeuliza tu: "Nina Mauser ya marehemu baba, mtutu umekwisha, nataka mwingine wa kaliba yenye nguvu zaidi. Dukani nimeambiwa .300 Winchester Magnum ndiyo habari ya mjini, inapiga mbali." Mzee mmoja wa Manyoni ameshalipa nusu ya fedha na sasa ananiuliza kama amefanya vizuri.

Inapiga mbali, sawa. Unapiga nini huko mbali? Anayeingia vichaka vya Itigi au pori la Rungwa na Kizigo anajua kwamba mara nyingi tatizo si umbali, tatizo ni kumwona mnyama wote kati ya miti. Ila hilo si shitaka langu kuu dhidi ya .300.

Sitaandika kuhusu shabaha, wala bunduki inavyorudisha begani, wala kasi ya risasi kwa sekunde. Hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo, na kila kijana kijiweni ameyakariri. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja dukani: ganda likishapigwa, linatoka?

Risasi ikifyatuka, ganda la shaba linavimba na kubana kuta za chemba, pale risasi inapokaa mwanzoni mwa mtutu. Presha ikishuka linasinyaa kidogo, linaachia, ukucha wa bolti unalivuta. Presha ikiwa kubwa mno, halisinyai vya kutosha. Na baruti ikipata joto huungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo presha inapanda. Risasi iliyokaa kwenye dashibodi ya Land Cruiser tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana wa Oktoba, hapa kwetu, si risasi ile iliyopimwa kiwandani Ulaya. Ongeza vumbi la Ugogo lililoingia kwenye chemba pamoja na mafuta mengi uliyopaka ukidhani unaitunza silaha.

Dalili zake utaziona wazi. Bolti inagoma kuinuka, unaipiga kwa kiganja. Ganda likikubali kutoka, ligeuze utazame kitako chake: kuna doa dogo linalong'aa pale shaba iliposukumwa ikaingia kwenye nafasi ya kirushio kinachotupa ganda nje, na fataki, ile kofia ndogo inayowasha baruti, imelala bapa kama imepigwa pasi, kingo zake za mviringo zimepotea. Ukiyaona hayo, acha kupiga risasi za boksi hilo, ziweke kivulini, na bunduki ipeleke kwa fundi mwenye leseni. Kwa swala ni usumbufu. Kwa nyati aliyejeruhiwa, ganda lililokwama ni jambo lingine kabisa.

Waingereza walilijua hili zaidi ya miaka mia iliyopita, enzi za baruti ya kodaiti iliyokuwa na tabia mbaya kwenye joto. Ndiyo maana watengeneza bunduki wa London wa Holland & Holland walipotoa .375 mwaka 1912 waliipa ganda refu lililochongoka: karibu na kitako lina upana wa milimita 13, likifika begani, pale linapoanza kufinyana kushika kichwa cha risasi, limebaki 11.4 hivi. Ganda la umbo hilo likisogea nyuma kidogo tu, limeachana na kuta pande zote. Sasa chukua .375 Ruger ya mwaka 2007: 13.5 kitakoni, 13.1 begani. Karibu bomba lililonyooka. Linasugua kuta karibu safari nzima ya kutoka. Kichwa cha risasi ni kile kile, kasi inazidi kidogo, na wauzaji wanaipenda kwa sababu inaingia kwenye mwili wa Mauser wa kawaida, yaani chuma kinachobeba bolti, bila kuurefusha. Ni kweli inaingia. Mimi nauliza inavyotoka.

Kabla ya kuzipanga kaliba kwa nafasi, sheria. Kwa nyati, simba, tembo na wenzao wakali, Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375. Kwa wanyama wengine kiwango cha chini ni .240. Pia leseni ya umiliki imeandika silaha yako na kaliba yake, kwa hiyo kubadilisha mtutu si jambo la wewe na fundi kukubaliana kwenye banda la nyuma. Anzia polisi, upate kibali, ndipo fundi aliyeruhusiwa aguse chuma. Ukifanya kinyume utakuwa na silaha isiyolingana na karatasi zake, na hakuna afisa atakayesikiliza kwamba ni urithi.

Nafasi ya kwanza naipa 9.3x62 (milimita 9.3 ni upana wa risasi, 62 urefu wa ganda), na siombi radhi. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905 akiwalenga Wajerumani waliokuwa makoloni ya Afrika, na hapa tulipo palikuwa koloni lao. Aliipima makusudi iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida. Mauser nyingi za zamani ni za 8x57, ambayo kitako cha ganda lake kina upana wa milimita 12 hivi. 9.3x62 ni hivyo hivyo. Uso wa bolti hauguswi, ukucha ule ule unashika, na kazi kubwa inabaki kwenye mtutu na kuhakikisha risasi zinapanda vizuri kutoka magazini. Kiwango chake cha juu cha presha kwa vipimo vya Ulaya ni baa 3900 (baa ni kipimo cha presha), wakati .300 Winchester Magnum inaruhusiwa 4300. Baa hizo 400 za tofauti ndizo ninazozitaka mchana wa jua kali. Inarusha kichwa cha gramu 18.5, na pofu dume hatauliza zaidi ya hapo. Tandala, korongo na kongoni ndio kabisa.

Kasoro yake naijua: ni milimita 9.3, yaani .366 kwa hesabu za inchi. Haifiki .375. Kwa hiyo kwa nyati hapa kwetu haifai kisheria, hata kama kuna nchi nyingine zinaikubali. Muuzaji akikwambia "tofauti ni nywele tu, hakuna anayepima", muulize kama yeye ndiye atakayesimama mbele ya askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa mtu wa nyati, ni .375 H&H yenyewe. Hapa ushauri wangu unawaudhi watu: usiijenge juu ya Mauser ya baba. Risasi nzima ina urefu wa milimita 91, wakati .30-06 ina 85 hivi tu. Ili iingie, fundi lazima achonge mwili wa bunduki pale mbele, nyuma tu ya sehemu ambazo vishikio vya bolti vinabeba mshindo wote. Wapo mafundi duniani waliofanya hivyo vizuri. Kwa chuma cha zamani ambacho hujui kimepitia nini, mimi siwezi kumshauri mtu. Iache Mauser na kazi yake, tafuta bunduki iliyozaliwa ndefu.

Nikisema hivyo namaanisha Brno, bunduki za Kicheki ambazo baadaye zilikuja kwa jina la CZ. Naipendelea waziwazi, na wanaonijua wamechoka kunisikia. Ile ZKK 602, na baadaye CZ 550 Magnum, zina mwili mrefu na ukucha mpana wa mtindo wa Mauser unaoshika ganda tangu linapopanda kutoka magazini hadi linaporushwa nje. Si laini. Bolti ya mpya inakwaruza, mbao zake nene, na kifyatulio kinataka mkono wa fundi. Lakini ile nguvu ya kwanza ya kulegeza ganda unapoinua mkono wa bolti ndiyo ninayoilipia. Winchester Model 70 zenye ukucha mpana nazo ni nzuri, ni nyepesi, na ni nzuri kuzitazama. Mimi bado nachukua Brno.

Basi angalia kinachotokea. CZ wameacha kutengeneza 550, na wenye maduka wamelisikia. Bunduki iliyotumika, mtutu una kutu kidogo, kitako kimefungwa waya, bei inatajwa kwa dola. Kwa dola, Dodoma! Ukiuliza kwa shilingi, mtu anachukua simu, anapiga hesabu kwa kiwango anachokijua mwenyewe, na wiki ijayo kiwango hicho kimepanda ingawa cha benki kimetulia. Ukiomba uingize risasi bandia uone zinavyopanda na kutoka, unaambiwa "mzee, hii ni silaha, siyo redio". Kwani redio nani ananunua bila kuiwasha?

La risasi ndilo baya zaidi. Kibali chako kina idadi, na risasi hazinunuliwi kama sukari. Halafu muuzaji anakuhesabia kumi kutoka maboksi matatu yaliyofunguliwa, viwanda tofauti, namba za toleo tofauti, nyingine vitako vimeanza kuota ukijani. Msomaji mmoja wa Kondoa aliuziwa hivyo; tano za kwanza zilitoka vizuri, ya sita ikabana. Dai boksi zima la toleo moja, soma namba ubavuni, na ukinyimwa ondoka.

Nafasi ya tatu ni .404 Jeffery. Ni kaliba ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, idara za wanyamapori za makoloni ya Waingereza ziliitumia kwa kazi ngumu, na presha yake ni ndogo, baa 3650. Bega lake limelala, ganda linatoka lenyewe. Kwenye Mauser ya kawaida imewahi kujengwa tangu zamani, lakini tatizo la urefu ni lile lile la .375, na magazini nayo inataka kazi. Nikiikuta imeshajengwa na kiwanda, naitazama mara mbili. Kujengewa upya, hapana.

.416 Rigby ya 1911 kwa upande wa ganda ndiyo bingwa wa wote. Ganda ni kubwa mno, presha baa 3250 tu, baruti ina nafasi ya kupumua. Ingekuwa suala la kutoka peke yake ningeiweka juu kabisa. Lakini inataka mwili mkubwa ambao Mauser ya baba haina, na bei ya risasi moja utaisikia ukiwa umekaa. Ndugu yake .416 Remington Magnum ya 1988 inatoa nguvu hiyo hiyo kwenye ganda dogo, maana yake presha imepanda. Sitaki.

.458 Winchester Magnum watu wanaipendekeza kwa sababu ni fupi, inaingia kwenye mwili wa kawaida. Ilitoka 1956, na ufupi huo ndio uliowaponza watengenezaji: baruti ilishindiliwa kwenye ganda lisilotosha, risasi zikikaa sana baruti ikawa inagandamana na kuungua vibaya. Jack Lott, mwindaji wa Marekani, alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa nayo, na baadaye akatengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi. Risasi za siku hizi zimeboreshwa. Hata hivyo, hizi za maboksi yaliyofunguliwa ni za mwaka gani?

.300 Winchester Magnum tuimalize. Kitako cha ganda lake ni milimita 13.5. Kwa Mauser ya 8x57 maana yake uso wa bolti upanuliwe, ukucha urekebishwe, njia za magazini zichongwe, gharama juu ya gharama, ili upate kaliba yenye presha ya juu ambayo kwa nyati hairuhusiwi. Nimemwandikia yule mzee aombe fedha yake irudi, au walau ibadilishwe iwe malipo ya mtutu wa 9.3. Dukani wamemjibu kwamba malipo ya awali hayarudi, na risiti waliyompa haikutaja kaliba wala namba ya silaha.

Wenye mfuko mdogo: .30-06 inaingia kwenye Mauser ile ile, uso wa bolti haubadiliki, na kwa wanyama wasio hatari inatosha kabisa. .308 pia, ingawa kwenye magazini ndefu inaweza kucheza. Mkihitaji ya nyati kwa bei hiyo, haipo.

Mnaonunua mwezi huu, chukueni ganda moja tupu la kaliba mnayoitaka na rula ya milimita. Pimeni upana karibu na kitako, pimeni chini ya bega, mniletee namba zote mbili kabla hamjatoa fedha.